Kuipasua 1,234,567,890 kwa kalamu na karatasi

Mtu akipewa namba ya tarakimu kumi akaambiwa aeleze sifa zake, mara nyingi hukimbilia kalkuleta: anagawanya kwa 3, kwa 7, kwa 13, na akichoka anasema haigawanyiki. Ukubwa wa namba haumsumbui sana. Kinachomsumbua ni kutokuwa na mpangilio. Sehemu inayohitaji jasho ni moja tu, nayo ni kupata namba tasa zinazoijenga hiyo namba. Ukishazipata, idadi ya vigawo, jumla yake na mengine mengi hutoka kwa mistari miwili mitatu ya kuzidisha.

Tutatumia 1,234,567,890, yaani bilioni moja, milioni mia mbili thelathini na nne, elfu mia tano sitini na saba, mia nane tisini. Ina tarakimu zote kumi, kila moja mara moja. Inaonekana nyepesi, lakini inamtega anayeijia kwa njia ya kawaida.

Jambo la istilahi kwanza, maana hapa wengi hujichanganya hata baada ya kumaliza shule: kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila baki, na kigawe ni ile inayogawanyika. 5 ni kigawo cha 40; 40 ni kigawe cha 5. Ndiyo maana tunasema kigawo kikubwa cha shirika (KKS) lakini kigawe kidogo cha shirika (KDS).

Anza kwa kuvua vigawo vidogo

Tarakimu ya mwisho ni 0, kwa hiyo 2 na 5 zinaigawa. Tarakimu mbili za mwisho ni 90, na 90 haigawanyiki kwa 4, kwa hiyo kuna 2 moja tu. Kwa 25 vivyo hivyo: 90 haigawanyiki kwa 25, hivyo 5 ni moja.

Kwa 3 na 9, jumlisha tarakimu: 1+2+3+4+5+6+7+8+9+0 = 45. Inagawanyika kwa 9. Hii ni kweli kwa namba yoyote inayotumia tarakimu zote kumi mara moja moja, uzipange utakavyo, kwa kuwa jumla haibadiliki. Lakini usiseme 27 nayo inaigawa kwa sababu tu umeona 9. Kipimo cha 27 ni kingine: kata namba katika mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha jumlisha mafungu. 890+567+234+1 = 1692. Kata tena: 692+1 = 693. Ukigawa 693 kwa 27 unabaki na 18, kwa hiyo 27 imekataa. Kwa fungu hilohilo unapima na 37, kwa kuwa 27×37 = 999: 693 kwa 37 inabakiza 27, nayo imekataa.

Sasa vua ulichopata: 2×9×5 = 90, na

1,234,567,890 ÷ 90 = 13,717,421.

Kuanzia hapa namba yako ya kazi ni 13,717,421. Iandike juu ya karatasi mpya na uiache ile ya kwanza. Anayeendelea kupima kwa kutumia namba ya mwanzo anajibebesha tarakimu mbili za bure, na baadaye, kama tutakavyoona, njia yenyewe itamgomea kabisa.

Vipimo vya 7, 11 na 13 kwa mpigo mmoja

7×11×13 = 1001. Kwa hiyo kata mafungu ya tatu tatu kutoka kulia, safari hii ukijumlisha na kutoa kwa zamu: 421 − 717 + 13 = −283. Achana na alama ya kutoa, ugawanye 283. Kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 8, kwa 13 inabaki 10. Hakuna hata moja iliyokubali, na umemaliza vipimo vitatu kwa hesabu moja.

Kwa 17 kuna ujanja mwingine: toa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 5, kisha uipunguze kutoka kwenye namba iliyobaki. Rudia mpaka namba iwe ndogo.

1371742 − 5 = 1371737
137173 − 35 = 137138
13713 − 40 = 13673
1367 − 15 = 1352
135 − 10 = 125

125 haigawanyiki kwa 17, basi 13,717,421 nayo haigawanyiki. Hapa pana kosa moja la kawaida sana. 125 kwa 17 inabakiza 6, na mtu anaandika kwamba namba yake inabakiza 6. Sivyo. Ujanja huu unajibu ndiyo au hapana tu; baki halisi ni 2, kwa sababu 17×806,907 = 13,717,419. Kipimo cha mafungu ya tatu tatu hutunza baki (ukikumbuka alama), huu hautunzi.

Kwa 19 unafanya vilevile, ila unazidisha tarakimu ya mwisho kwa 2 na unajumlisha badala ya kutoa. Utaishia kwenye 32, ambayo haigawanyiki kwa 19.

Unaweza kuendelea hivi na 23, 29, 31 na kuendelea. Ukiwa mvumilivu utafika, lakini ujue unachojiingiza: kigawo tasa kinachofuata cha namba hii ni namba tasa ya 504 katika orodha. Ungegawanya mara mia tano ukiambulia mabaki matupu. Hapo ndipo watu wengi husalimu amri na kudai 13,717,421 ni tasa.

Geuza njia: tafuta tofauti ya miraba

Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat alieleza njia inayoanzia upande wa pili. Badala ya kupanda kutoka namba tasa ndogo, unaanzia kwenye kipeuo cha pili na kusogea taratibu. Msingi wake ni utambulisho wa kidato cha kwanza au cha pili:

a² − b² = (a − b)(a + b).

Ukiweza kuiandika namba yako kama tofauti ya miraba miwili, umeipasua.

Kwanza kadiria kipeuo cha pili. 3700² = 13,690,000. Imepungua 27,421. Gawa upungufu huo kwa mara mbili ya 3700, yaani 7400: unapata 3.7 hivi. Kipeuo ni kama 3703.7, kwa hiyo anzia namba nzima iliyo juu yake, 3704.

3704² = 13,719,616. Toa 13,717,421, inabaki 2195. Je, 2195 ni mraba? Usikimbilie kalkuleta. Mraba unaoishia na 5 lazima uishie na 25, na huu unaishia na 95. Tupa.

Hatua ya pili usizidishe upya. Kutoka 3704² kwenda 3705² unaongeza 2×3704+1 = 7409. Kwa hiyo tofauti mpya ni 2195 + 7409 = 9604. Na 98² = 9604.

Imekwisha:

13,717,421 = 3705² − 98² = (3705 − 98)(3705 + 98) = 3607 × 3803.

Hatua mbili zimefanya kazi ya migawanyo zaidi ya mia tano. Njia imekuwa ya haraka kwa sababu vigawo viwili viko karibu, vimepishana 196 tu. Ungejuaje mapema? Huwezi kujua, ndiyo maana unaijaribu kwa hatua ishirini hivi kabla ya kurudi kwenye kugawanya. Ishirini ni kipimo cha busara tu, si sheria.

Kuhusu kuchuja miraba: namba inayoishia na 2, 3, 7 au 8 kamwe si mraba. Inayoishia na 0 moja tu si mraba. Inayoishia na 6 lazima tarakimu ya makumi iwe witiri. Inayoishia na 1, 4 au 9 lazima tarakimu ya makumi iwe shufwa. Vichujio hivi vinatupa kiasi kikubwa cha tofauti bila kutafuta kipeuo hata kimoja.

Sasa lile onyo la kubaki na namba ya mwanzo. Mtu akiipeleka 1,234,567,890 yenyewe kwenye njia hii, atahesabu mpaka daftari liishe na hatapata kitu. Namba shufwa isiyogawanyika kwa 4 haiwezi kuwa tofauti ya miraba miwili. Ukichukua a na b zote shufwa au zote witiri, a−b na a+b zote ni shufwa, na zao lake linagawanyika kwa 4. Ukichukua moja shufwa na nyingine witiri, zao ni witiri. Namba yetu haimo kundi lolote kati ya hayo. Vua 2 zote kwanza, siku zote.

Hakikisha 3607 na 3803 ni tasa

Usiruke hatua hii. Kupata vigawo viwili si sawa na kupata vigawo viwili tasa.

60² = 3600 na 61² = 3721, kwa hiyo 3607 inahitaji kupimwa kwa namba tasa mpaka 59 tu. Kama ingekuwa na kigawo kikubwa kuliko 60, mwenzake angekuwa mdogo kuliko 61 na tungeshamwona. Baada ya kuondoa 2, 3 na 5, zinabaki 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53 na 59. Mabaki yake kwa mpangilio huohuo ni 2, 10, 6, 3, 16, 19, 11, 11, 18, 40, 38, 35, 3, 8. Hakuna sifuri, 3607 ni tasa.

Kwa 3803 unaongeza 61, kwa kuwa 61² = 3721 bado iko chini yake. Mabaki: 2, 8, 7, 12, 3, 8, 4, 21, 29, 31, 19, 43, 40, 27, na kwa 61 ni 21. Tasa.

Halafu hakiki zao lenyewe. Kwa kutoa tisa: 3607 ina jumla ya tarakimu 16, yaani 7; 3803 ina 14, yaani 5; 7×5 = 35, yaani 8. Upande wa pili, 13,717,421 ina jumla 26, yaani 8. Zimelingana. Lakini kutoa tisa hakuoni tarakimu zilizobadilishana nafasi: ukiandika 13,717,241 itapita vilevile. Ongeza kipimo cha 11, ambacho huliona kosa la tarakimu mbili jirani zilizopishana. Jumlisha na kutoa tarakimu kwa zamu kutoka kulia: 3607 inatoa 10, 3803 inatoa 8, zao 80 linabakiza 3 kwa 11. 13,717,421 inatoa −8, sawa na baki 3. Vipimo viwili vikikubali, endelea.

Jibu kamili:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3607 × 3803.

Vuna sifa nyingine

Idadi ya vigawo: chukua kila kipeo, ongeza 1, zidisha. Vipeo ni 1, 2, 1, 1, 1, hivyo 2×3×2×2×2 = 48. Kosa la kawaida hapa ni kusahau kwamba 3 ina kipeo 2. Mtu hupata 32.

Kuviorodhesha vyote 48 ni rahisi kuliko inavyosikika. Andika vigawo 12 vya 90: 1, 2, 3, 5, 6, 9, 10, 15, 18, 30, 45, 90. Kisha zidisha kila kimoja kwa 3607, halafu kwa 3803, halafu kwa 13,717,421. Angalia pengo linalojitokeza: baada ya 90 hakuna kigawo chochote mpaka 3607. Na kama ungetaka kupanga vitu 1,234,567,890 katika mstatili unaokaribia mraba, pande zake zingekuwa 9×3803 = 34,227 na 10×3607 = 36,070.

Jumla ya vigawo vyote: kwa kila namba tasa jumlisha vipeo vyake kuanzia 1, kisha zidisha. (1+2) × (1+3+9) × (1+5) × (1+3607) × (1+3803) = 3 × 13 × 6 × 3608 × 3804 = 3,211,610,688. Ukiondoa namba yenyewe inabaki 1,977,042,798, ambayo ni kubwa kuliko namba tuliyoanza nayo. Namba ya aina hii vigawo vyake vimeizidi. Hapa kwa kweli hukuhitaji hesabu: kila kigawe cha 6 kikubwa kuliko 6 kiko hivyo, maana 6 ni namba timilifu, yaani vigawo vyake bila yenyewe (1, 2 na 3) vinajumlika kuwa 6.

Namba ngapi kuanzia 1 mpaka 1,234,567,890 hazina kigawo cha shirika nayo zaidi ya 1? Punguza moja kwa kila tasa, na kwa 3² acha 3 moja mbele: 1 × (3×2) × 4 × 3606 × 3802 = 329,040,288. Ni kidogo zaidi ya robo.

Je, ni jumla ya miraba miwili? Gawa kila kigawo tasa witiri kwa 4. 3607 inabakiza 3, na imejitokeza mara moja tu. Hiyo pekee inatosha: haiwezekani. (3 nayo inabakiza 3, lakini ina kipeo shufwa kwa hiyo haizuii.)

Je, ni namba ya pembetatu, kama 1, 3, 6, 10? Zidisha kwa 8, ongeza 1: 9,876,543,121. Ingekuwa ya pembetatu, huu ungekuwa mraba. 99,380² = 9,876,384,400 na 99,381² = 9,876,583,161; imeangukia katikati, basi si ya pembetatu. Mwisho wake wa 21 ungepita vichujio vyetu, ndiyo maana hapa lazima kipeuo kitafutwe.

Tabia moja ya namba hii haitokani na vigawo bali na mpangilio wa tarakimu zake. Izidishe kwa 2 upate 2,469,135,780. Kwa 4, 4,938,271,560. Kwa 5, 6,172,839,450. Kwa 7, 8,641,975,230. Kwa 8, 9,876,543,120. Kila mara tarakimu zote kumi zimerudi. Jaribu 3, 6 au 9, zinazoshirikiana kigawo na 9, na mpangilio unavunjika: kwa 3 unapata 3,703,703,670.

Ndani ya kompyuta

Kuigeuza iwe namba ya msingi wa 2 kwa kugawanya kwa 2 kunataka hatua 31. Gawanya kwa 16 badala yake. Hatua nane zinatosha. Mabaki kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho ni 2, 13, 2, 0, 6, 9, 9, 4. Yasome kinyumenyume na ugeuze kila moja kuwa tarakimu nne za 0 na 1:

100 1001 1001 0110 0000 0010 1101 0010.

Jumla ni tarakimu 31, kumi na mbili kati yake zikiwa 1. Inaenea kwenye hifadhi ya biti 32 yenye alama (biti moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi), ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Ukiizidisha kwa 2 tu inafurika, na programu inaweza kukuletea namba hasi bila onyo.

Programu za majedwali nazo zina mtego wake. Kipeo cha pili cha namba yetu ni 1,524,157,875,019,052,100, tarakimu 19. Excel hutunza tarakimu 15, kwa hiyo itakuonyesha 1,524,157,875,019,050,000. Zile sifuri za mwisho ni za uongo, na kipimo chochote cha kugawanyika utakachokifanya juu yake kitakuwa cha uongo pia. Tumia lugha ya kuandikia programu yenye namba nzima zisizo na kikomo, kama Python. Nayo ina masharti: mgawanyo wa // unabaki kwenye namba nzima, wa / unakupeleka kwenye desimali.

Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu 1 Januari 1970 saa sita usiku kwa saa za dunia. Gawa namba yetu kwa 86,400: siku 14,288, baki sekunde 84,690, yaani saa 23, dakika 31 na sekunde 30. Ilikuwa Ijumaa, 13 Februari 2009. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu, hivyo Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa nane na dakika 31 usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 14.

Namba ya kujipima

Chukua 9,876,543,210. KKS yake na namba yetu unaipata kwa njia ya Euclid kwa hatua mbili: 9,876,543,210 = 8 × 1,234,567,890 + 90, na 90 inaigawa 1,234,567,890 bila baki, basi KKS ni 90.

Vua hiyo 90, inabaki 109,739,369. Ukirukia tofauti ya miraba mara moja utaanzia 10,476 na hutapata kitu mpaka ufike 190,005, yaani jaribio la 179,530. Ujanja wa 17 unaimaliza kwa mistari sita: unaishia na 68, ambayo ni 4×17. Gawa kwa 17, pima tena 17, itakubali mara ya pili, na utabaki na 379,721. Hiyo ni tasa, lakini ukitaka kuthibitisha kwa mkono itabidi upime namba tasa zote mpaka 613. Ziko 112.